Chai ya Mwingereza na Kazi Yake

Fundi bomba akiingia nyumba ya Mwingereza, kabla hajafungua mkoba wake wa vifaa huulizwa kama atakunywa chai. Akikubali, ataulizwa pia: maziwa utatia? Sukari vijiko vingapi? Chai hiyo haipikwi pamoja na maziwa sufuriani kama yetu. Maji ya moto kutoka kwenye birika la umeme humiminwa juu ya kifuko cha majani, yakishakolea hutiwa maziwa baridi kidogo. Tangawizi na iliki hazimo.

Waingereza wengi huona haya kuchunguliana mambo ya ndani. Majirani huweza kukaa miaka mingi wakizungumzia mvua na jua tu. Chai ndiyo huwafungulia mlango. Mtu akifiwa au akiachishwa kazi, rafiki yake huenda jikoni kuchemsha maji. Mpaka maji yachemke, mwenye msiba amepata nafasi ya kufuta machozi bila kutazamwa, na maneno huanza kutoka wakati wa kunywa. Faraja hii huweza kuwa ya taifa zima. Mwaka 1990 England ilipotolewa na Ujerumani Magharibi kwa penalti kwenye nusu fainali ya Kombe la Dunia, mabirika yaliwashwa kwa wingi hata mahitaji ya umeme yakaruka ghafla kwa megawati 2,800 hivi.

Ofisini chai ina sheria ambazo hazikuandikwa popote. Anayeinuka kujitengenezea huwauliza na wenzake, kisha hukumbuka nani anataka ya rangi na nani hatumii sukari. Anayenywa za wenzake bila kushika zamu husengenywa. Tabaka nalo huonekana: kikombe kikubwa cha chai kali yenye sukari nyingi hunasibishwa na wajenzi, kikombe chembamba chenye kisahani na wenye nafasi.

Kwa hakika chai ilianzia kwa hao wenye nafasi. Katika karne ya 17 ilikuwa anasa kutoka China, na Catherine wa Braganza, Mreno aliyeolewa na Mfalme Charles II mwaka 1662, aliipa heshima ikulu. Kodi kubwa ilineemesha wafanya magendo hadi mwaka 1784, serikali ilipoipunguza kutoka asilimia 119 hadi 12.5. Bei ikashuka, na wafanyakazi wa viwandani wakaifanya yao. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia ilianza kugawiwa kwa mgao mwaka 1940, na mgao huo haukuondolewa hadi 1952.

Hata hivyo, Uingereza haikuotesha majani hayo wala miwa iliyoyakoleza. Sukari ilitoka kwa jasho la watumwa wa Karibi. Majani yalitoka China, kisha Assam nchini India, na leo mengi hutoka Kenya, yakipitia mnada wa Mombasa. Sehemu ya mashamba ya Kericho ilianzishwa wakati wa ukoloni kwenye ardhi waliyofukuzwa Wakipsigis na Watalai, na vizazi vyao bado vinadai haki. Chai imewasaidia Waingereza kuzungumza mengi yaliyowawia magumu; habari za ardhi hiyo hawajazizungumza vya kutosha.