Uti wa mgongo unapokosa damu, kila dakika ina thamani

WATU wengi hudhani kwamba mtu anapopooza baada ya ajali, madhara yote hutokea papo hapo mfupa unapovunjika. Sivyo. Sehemu ya madhara huja baadaye, katika dakika na saa zinazofuata, na sababu moja kubwa ni uhaba wa damu kwenye uboho wa mgongo.

Jambo hili lafaa lijulikane na kila anayesafiri kwa barabara ya Magadi. Mtu akianguka na pikipiki huko Oltepesi, Kajiado, hospitali kubwa za Nairobi ziko mbali. Wa kwanza kumfikia huwa si daktari bali wapita njia.

Sumu itokayo ndani

Uboho wa mgongo ni ule uzi mnene wa neva unaopita ndani ya mifupa ya mgongo, ukipeleka amri za ubongo hadi miguuni. Mshipa mmoja wa damu ulio upande wa mbele hulisha takriban theluthi mbili za uzi huo. Mshipa ukibanwa na mfupa au uvimbe, au mgonjwa akipoteza damu nyingi, seli za neva hukosa oksijeni na nguvu huziishia.

Hapo ndipo asidi za amino huingia. Asidi hizi twazijua kama matofali ya protini, lakini baadhi yake pia ni wajumbe kati ya seli. Glutameti huamsha seli, glisini huzituliza. Kwa kawaida glutameti hutolewa kidogo, kisha hufyonzwa upesi. Damu ikikatika, humwagika ovyo na haifyonzwi tena. Milango ya seli hubaki wazi, kalsiamu huingia kwa wingi, na seli hufa. Hata glisini iliyozidi husaidia kuufungua mlango ule ule. Mwaka wa 1969, mtafiti Mmarekani John Olney ndiye aliyeyapa jina madhara haya ya seli kuamshwa kupita kiasi.

Majaribio kwa sungura yameonyesha kwamba kuziba mshipa mkuu wa tumboni kwa dakika 20 hadi 30 hivi kwaweza kupoozesha miguu ya nyuma. Seli za kutuliza zikifa, miguu hukakamaa. Ubaridi hupunguza umwagikaji wa glutameti, na ndiyo maana baadhi ya wapasuaji wa mshipa mkuu wa moyo hupoza mwili wa mgonjwa.

Msomaji asihofie nyanya au maziwa kwa kuwa yana glutameti. Ile ya chakula hutumiwa zaidi na utumbo; inayoua ni ile inayotoka ndani ya neva zenyewe.

Dawa ya kuzuia glutameti, riluzole, iliidhinishwa Marekani mwaka wa 1995 kwa ugonjwa mwingine wa neva. Ilipojaribiwa kwa waliovunjika shingo, haikuthibitika kuwasaidia. Kwa hiyo kinga bado ni kulinda damu na oksijeni.

Ufanye nini?

Usimkunje majeruhi wala kumpakia kwenye pikipiki katikati ya watu wawili. Mwache alale isipokuwa kuna hatari kama moto. Mmoja ashike kichwa kisitikisike. Hakikisha anapumua, na ubane kidonda kinachovuja damu kwa kitambaa safi. Usimpe chai wala maji. Piga 999 au 112. Ikibidi abebwe, watu kadhaa wamwinue kwa pamoja, kichwa, shingo na mgongo vikiwa mstari mmoja, alazwe juu ya ubao.

Hata bila ajali, miguu ikilegea ghafla, ikifa ganzi au mkojo ukikataa kutoka, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Jijini Nairobi, mtaani Hurlingham, ipo hospitali ya rufaa ya majeraha ya uti wa mgongo, lakini usipite kituo kilicho karibu: huko ndiko presha na pumzi zitakakoanza kulindwa. Seli ya neva iliyokufa hairudi. Iliyo taabani yaweza kuokolewa.