Kwa kafi hadi Mumbo

Mvuvi aliyekuwa akikung'uta wavu ufukweni Chembe alikitazama chombo changu, akanitazama mimi, kisha akauliza kwa ishara nahamia wapi. Mtumbwi wake ni gogo moja lililochongwa, ndani mna wavu na ndoo. Wangu ni kayaki ya plastiki ya manjano, imeshindiliwa mizigo omo hadi tezi.

Alikuwa na haki ya kucheka. Kwenye kayaki, vitu vizito kama maji, unga na sufuria hukaa chini, karibu na kiti. Hema na nguo ndivyo vinavyosukumwa kwenye ncha. Mimi nilirundika maji yote tezi. Omo ikainuka, upepo ukaishika na kuigeuza, nami nikapiga kafi upande mmoja saa nzima kama mtu anayesonga ugali wa harusi. Wanawake wa Kikisi, wanaopeleka vyungu kwa mitumbwi kwenye mnada wa Lyulilo, karibu na Matema, wasingefanya kosa hilo. Chungu kikipakiwa vibaya hasara huonekana papo hapo.

Chembe ndicho kijiji cha Cape Maclear, kusini mwa Ziwa Nyasa, upande wa Malawi. Wenyewe huliita Ziwa Malawi. Ubishi wa mpaka tuwaachie wenye ramani. Kisiwa cha Domwe kiko karibu, na huko unajipikia mwenyewe. Mumbo kiko kama kilomita 10 kutoka kijijini, upana wake kama kilomita 1 tu: mawe makubwa ya graniti, miti iliyong'ang'ania nyufa, na kambi ndogo ya mahema. Kijiji hakuna.

Kilomita 10 si nyingi ukiwa kwenye bodaboda. Majini, mwenye kauli ni mwera, upepo wa kusini ambao sisi wa upande wa Tanzania tunaujua kwa jina hilo hilo. Kati ya Mei na Agosti huvuma kwa nguvu, na ukianza unaweza kushika siku kadhaa. Asubuhi yetu ziwa lilikuwa limetulia kama uji uliopoa. Kufikia saa tano lilikuwa na mawimbi yenye povu. Usione haya kuahirisha safari. Wavuvi huahirisha, na wao ziwa ni lao.

Nilichokifuata hasa kilikuwa chini ya maji. Vaa miwani ya kuogelea, inamisha kichwa karibu na mwamba, utawaona mbuna: samaki wadogo wa buluu, wa manjano, wenye milia, wakikwangua mwani kwenye mawe. Wengi wao jike hutunza mayai mdomoni hadi yaanguliwe. Maisha yao ni ya mwambani, hawapendi kuvuka mchanga wala kina kirefu, kwa hiyo mbuna wa kisiwa kimoja huweza kuwa na rangi tofauti kabisa na wa kisiwa jirani. Kipande cha maji kilichonitoa jasho ndicho kilichowatenga vizazi kwa vizazi. Hifadhi ya Taifa ya Ziwa Malawi, iliyoanzishwa mwaka 1980 na kuingizwa kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 1984, inalinda pia maji ya hadi mita 100 kutoka ukingoni.

Usiku, taa za wavuvi wa dagaa zilijipanga mbali hata nikashindwa kujua ziwa linaishia wapi na mbingu inaanzia wapi. Nililala vibaya, mabega yakiwaka moto, na ningerudi kesho.

Kinachonikera ni kwamba Mbamba Bay na Liuli tuna mawe hayo hayo na mbuna wetu wenyewe, lakini Mtanzania akitaka kulala kisiwani kwa kafi, hushauriwa avuke Kasumulu. Halmashauri zetu za mwambao wa Nyasa zianze na kayaki chache tu, na vijana wa huko wanaoujua mwera.

Ukienda, anza alfajiri, vaa jaketi la kuokolea hata maji yakiwa shwari, na miezi miwili au mitatu baada ya kurudi kapime kichocho. Cape Maclear kipo, na samaki wanaokula konokono wanaokibeba wamevuliwa mno.