Khanga ya Chura

Paukwa! Najua mmeshajibu pakawa, lakini leo sina sungura wala fisi. Leo nina chura, tena chura mwenyewe yuko kwenye khanga.

Nilikuwa darasa la nne, mjini Tanga. Shule hufungwa mapema Desemba, kwa hiyo Krismasi hutukuta sisi nyumbani na mwalimu yuko kwao. Anayetaka kumpa mwalimu zawadi ya sikukuu humpa siku ya kufunga shule, siku ile ile ya ripoti. Jioni ya kuamkia siku hiyo mama alinitia pesa mkononi: "Pita Ngamiani umchukulie mwalimu wako doti moja ya khanga. Chagua nzuri." Maelezo yalikuwa hayo tu. Nikaingia dukani, nikainua macho zilikoning'inia, nikaona moja ya manjano yenye pindo jekundu. Ile pale! Muuzaji akaiteremsha, akaifunga kwenye gazeti, nikatoka mbio.

Kesho yake mwalimu aliifungua mbele ya darasa zima. Alikuwa na sauti, mwalimu yule. Akiita mahudhurio, hata aliyekuwa bombani aliitikia. Aliikunjua khanga, akaitanua kwa mikono miwili kama anayeanika, macho yakashuka kwenye maandishi, na kwa mazoea ya kazi yake akasoma kwa sauti: "Kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji."

Darasa lilinyamaza kwanza. Halafu likaangua kicheko, na mimi nikacheka pamoja nao bila kujua tunacheka nini. Mwalimu akaikunja taratibu, akasema asante, rudi ukae.

Nyumbani mama alishika kichwa. "Hukuisoma?"

"Niliisoma, mama."

"Ukaelewa nini?"

"Ina chura na ng'ombe. Na yeye anatufundisha sayansi."

Hapa inabidi niwaeleze jambo, maana siku hizi wengi wenu mnaiona khanga ikiwa imeshafungwa kiunoni au imembeba mtoto. Khanga ina pindo linaloizunguka pande zote nne, ina mji, yaani sehemu ya katikati, na chini ya mji ina jina. Jina ndiyo yale maneno. Zamani yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu, baadaye zikaja hizi mnazosoma. Kule Mombasa, ambako huiita leso, kuna jina la biashara linalojulikana pwani nzima, Mali ya Abdulla, la Kaderdina Hajee Essak aliyeanza kuuza mwaka 1887. Tangu hapo rangi zimekuja na kupita, lakini mwanamke wa pwani hanunui rangi kwanza. Anasoma jina, kwa sababu khanga anayokupa, au anayoivaa akipita mbele ya mlango wako, inakusemesha. Jina linaweza kukuombea heri, kukutania au kukutukana, na aliyekupa akabaki ametabasamu tu.

Basi mama akanishika mkono hadi kwa mwalimu kuomba radhi. Tulimkuta uani anachambua mchicha. Alikuwa amekwisha kuikata doti, amezipinda ncha, na kipande kimoja amekifunga hapo hapo kiunoni, chura na ng'ombe wanasomeka vizuri kabisa. Mama akaanza, "Mwalimu, huyu mtoto..." Mwalimu akamkatiza, safari hii kwa sauti ya chini: "Mwache mwanangu. Kuna jirani yangu hapo nyuma nilikuwa natafuta namna ya kumjibu tangu Oktoba."

Kwa hiyo zawadi yangu ilifaa. Ilifaa kwa bahati, na bahati si kitu cha kutegemea ukiwa na pesa ya mama mkononi.

Baadaye na mimi nikawa mwalimu, nikafundisha miaka 26, kwa hiyo niulizeni mimi walimu hupewa nini. Hupewa vikombe. Vikombe vya "Mwalimu Bora" nilikuwa navyo 11, na nyumbani tulikuwa watu wanne. Nilipewa pia saa ya ukutani yenye picha ya familia ya mwanafunzi mwenyewe, ambayo sikujua niitundike wapi. Sisemi kwa dharau; kila kimoja kilitoka moyoni mwa mtu. Ila kitu ambacho bado ninacho, kiko ndani ya Biblia yangu, ni karatasi iliyochanwa kwenye daftari la hesabu. Imeandikwa hivi: "Mwalim asante kunifundisha kugawanya. Bado sijui lakini asante." Aliyeiandika alikuwa ameniona. Alijua nimehangaika naye, akanishukuru kwa mahangaiko, hakusubiri matokeo.

Kama mnataka kununua, changeni. Wanafunzi 40 wakitoa shilingi 500 kila mmoja, hiyo ni 20,000, na inampatia mwalimu kitu cha maana kuliko vikombe 40. Asiye nacho asidaiwe, na kwenye kadi yaandikwe majina ya wote, pesa zisitajwe. Na angalieni wakati. Mtihani wa taifa wa darasa la saba hufanyika Septemba. Zawadi inayofika mezani kwa mwalimu wiki moja kabla yake ina harufu yake, hata kama ni embe. Zawadi ya Desemba hufika masomo yamekwisha na ripoti imeshaandikwa. Haiwezi kumbadilishia mtu alama, ndiyo maana mwalimu huipokea bila kutazama nyuma.

Sasa niwaulize: darasani mna mwalimu mmoja tu? Mjukuu wangu anasoma chekechea. Mwaka juzi mezani kwa mwalimu wake paliwekwa mifuko saba. Pembeni alisimama yule dada msaidizi, anayewapeleka watoto chooni, anayewafuta makamasi, anayejua nani hali maharage na nani hulia mvua ikipiga bati. Kwake haukwenda mfuko hata mmoja. Nilitazama mikono yake: imekauka, vidole vimepasuka kwa kunawishana na watoto kutwa nzima. Mwaka jana mjukuu wangu alimpelekea kopo kubwa la mafuta ya kupaka, na juu yake amemchorea mikono miwili. Mkono mmoja una vidole sita. Tuliuacha.

Bado yupo wa nyumbani, dada anayewalea wazazi wakiwa kazini. Hapa watu wazima ndio hukosea, na ninyi mnaweza kuwasaidia. Nimeona dada akikabidhiwa zawadi ya Krismasi imefungwa kwa karatasi ya kumetameta, anafungua, ndani mna aproni. Mwingine sufuria. Hiyo si zawadi, ni kifaa cha kazi kilichovikwa nguo. Nguo uliyoichoka nayo mpe siku nyingine, mwezi wa tano huko, usiiite Krismasi. Wala mshahara wa Desemba usiitwe zawadi, ni jasho lake. Hata likizo ni haki: sheria ya kazi ya Tanzania ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa siku 28 za likizo ya mwaka yenye malipo, na dada wa kazi ni mwajiriwa.

Zawadi yake ni kile anachokitaka yeye, na anayekijua ni wewe unayeshinda naye. Husimama kwenye duka gani mkitumwa sokoni? Mama yake kijijini anaumwa mguu? Ana mdogo wake anayeingia darasa la kwanza Januari? Dada anayesafiri na daftari na kalamu za mdogo wake ndani ya begi anafika kwao amenyoosha shingo. Mnaijua Boxing Day, tarehe 26? Wengi hudhani ni siku ya masumbwi. Boksi linalotajwa ni la zawadi: Uingereza ya zamani, watumishi walishinda Krismasi wakiwahudumia mabwana zao, na kesho yake wakapewa ruhusa na boksi la zawadi, wakaenda kuwaona wa kwao. Dada zetu nao wana kwao.

Na kama anayekulea mchana ni bibi jirani Mwislamu, usiseme Krismasi haimhusu. Kwetu Tanga sahani ya pilau ilivuka uwanja imefunikwa kawa, nyama imechinjwa na Mwislamu ili na yeye ale kwa amani, na Idd ilipofika sahani ile ile ilirudi kwetu na tambi. Sahani ya jirani hairudishwi tupu.

Haya, shule zinakaribia kufungwa. Mkienda kununua khanga, msiridhike na pindo. Mwambieni muuzaji aiteremshe na kuikunjua yote, msome jina lake, na msipolielewa mwulizeni mama yeyote aliye dukani kabla hamjalipa.