Kompyuta Katika Banda la Bustani: Kumbukumbu za Peter Zinovieff

Mwanafunzi wa leo asikiapo muziki uliotungwa kwa kompyuta haoni ajabu, kwani hata simu ya mkononi yaweza kazi hiyo. Lakini katika miaka ya 1960 kompyuta ilikuwa mali ya serikali, vyuo vikuu na makampuni makubwa, na watu wengi waliiona kuwa ni chombo cha kukokotolea hesabu tu. Katika makala hii tutamwangalia mtu mmoja aliyeuingiza mtambo wa namna hiyo katika banda la bustani yake, akautia kazi ya muziki. Mtu huyo ni Peter Zinovieff wa London, aliyefariki mwaka 2021 akiwa na umri wa miaka 88. Mengi ya mambo yake twayajua kwa kuwa mwenyewe alipenda kuyasimulia uzeeni, na waliomtembelea nao hawakumsahau.

Zinovieff alizaliwa mwaka 1933, wazazi wake wakiwa Warusi waliohamia ugenini baada ya mapinduzi ya 1917. Alisomea jiolojia, akapata shahada ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Oxford. Muziki wa elektroniki aliuanza kwa njia iliyotumiwa na wote wakati ule: kurekodi sauti katika utepe wa sumaku, kuukata utepe kwa wembe vipande vipande, kisha kuviunga kimoja kimoja. Alisimulia kwamba kazi hiyo ilimchosha mno, akaanza kutafuta mtambo ambao ungemwondolea adha ya wembe.

Kompyuta ndogo ya wakati huo ilikuwa PDP-8/S, iliyotengenezwa Marekani, na bei yake ilimshinda mtu binafsi. Mkewe alikuwa na taji la lulu na feruzi alilolivaa siku ya arusi. Liliuzwa, na kompyuta ikanunuliwa. Zinovieff alijigamba kwamba hakuna mtu mwingine duniani aliyekuwa amekwisha kuweka kompyuta nyumbani kwake. Baadaye alinunua ya pili, PDP-8/L. Mitambo hiyo miwili aliiita Sofka na Leo. Jon Lord, mpiga kinanda wa bendi ya Deep Purple, alikumbuka kwamba alipoingizwa katika karakana hiyo alimkuta mwenyeji wake akizungumza na kompyuta, akijaribu kuifanya imjibu.

Hata hivyo, ununuzi wa kompyuta haukumaliza shida. Sauti ni mtikisiko wa hewa. Ili kompyuta itoe sauti yenyewe, sharti mtikisiko huo uandikwe kwa tarakimu, kipimo baada ya kipimo, maelfu kwa kila sekunde. Santuri za kidijiti zilizoanza kuuzwa mwaka 1982 hutumia vipimo 44,100 kwa sekunde moja. Max Mathews wa maabara za Bell, huko Marekani, aliifuata njia hiyo tangu mwaka 1957 akitumia kompyuta kubwa ya IBM, na wimbo wa kwanza uliopatikana ulidumu sekunde 17 tu. Kompyuta ya Zinovieff ilikuwa na nafasi 4,096 za kumbukumbu. Hata kama nafasi zote hizo zingejazwa vipimo vya sauti, bila kubakiza hata moja kwa ajili ya programu, zisingetosha sauti ya sehemu moja ya kumi ya sekunde!

Kwa hiyo Zinovieff na wenzake waliligeuza swali. Hawakuitaka kompyuta itoe sauti. Waliitaka itoe amri. Sauti zilitoka katika osileta, yaani saketi zitoazo mitikisiko ya umeme. Saketi nyingine zilichuja sauti hizo, na nyingine zilizidisha au kupunguza nguvu yake. Kazi ya kubuni saketi ilikuwa ya mtaalamu wa elektroniki David Cockerell. Kompyuta iliamuru tu: osileta hii ianze sasa, ipande kiasi hiki, inyamaze baada ya muda huu. Nahodha hapandi mlingoti, lakini tanga hupanda kwa neno lake. Amri ni chache kuliko vipimo, nazo zilienea katika kumbukumbu ile ndogo. Peter Grogono aliandika lugha ya programu iitwayo MUSYS, ambayo kwayo mtunzi aliuandika muziki wake kwa herufi na tarakimu, kompyuta ikautekeleza.

Mnamo Januari 1968 kompyuta ya Zinovieff ilipelekwa jukwaani katika ukumbi wa Queen Elizabeth Hall, London, ikaendesha muziki mbele ya wasikilizaji bila mtu yeyote kuigusa. Mwaka huo huo, katika maonyesho ya Cybernetic Serendipity, mgeni alipopiga mbinja kompyuta iliupokea wimbo wake na kumrudishia ukiwa umegeuzwa geuzwa kwa namna mpya.

Studio ilikula fedha nyingi. Mwaka 1969 Zinovieff, Cockerell na mtunzi wa muziki Tristram Cary walianzisha kampuni ya EMS, ili faida ya vyombo igharimie utafiti. Sinthesaiza yao, VCS3, iliuzwa kwa pauni 330. Yenyewe haikuwa na kinanda, na mahali pa nyaya palikuwa na ubao wa matundu 256, yaani safu 16 kwa 16, ambamo pini zilichomekwa ili kuunganisha saketi. Chombo cha jamii hiyo, Synthi AKS, chasikika katika santuri ya Pink Floyd ya mwaka 1973, The Dark Side of the Moon. Lakini moyo wa Zinovieff haukuwa dukani. Ulikuwa studioni, ambako Harrison Birtwistle aliitengeneza kazi yake Chronometer kwa milio ya saa.

Kampuni ilifilisika mwaka 1979. Kabla ya hapo Zinovieff alikuwa amejitolea kuikabidhi studio kwa taifa, lakini hakupatikana aliyekuwa tayari kuigharimia. Vyombo viliwekwa katika ghala la chini ya National Theatre. Maji yakaingia, vikaharibika. Kazi ya miaka mingi ya ufundi usio na mfano ikaishia hapo.

Wazo la kutuma amri badala ya sauti halikuangamia. Mwaka 1983 utaratibu wa MIDI, ambao kwao vyombo vya kampuni mbalimbali hupelekeana amri, ulionyeshwa hadharani, na ungali ukitumika. Haukubuniwa na Zinovieff, ila msingi wake ni huo huo.

Mwalimu aweza kuligeuza jambo hili kuwa zoezi la darasani. Mwanafunzi mmoja aandike wimbo wa noti 50 kwa safu tatu za tarakimu: kimo cha sauti, nguvu yake na muda wake. Mwenzake asiyeujua wimbo huo aupige kwa filimbi kwa kufuata tarakimu hizo 150 peke yake. Kisha darasa likokotoe: wimbo huo ukidumu sekunde 30, kuuhifadhi kwa vipimo 44,100 kwa sekunde kwahitaji tarakimu ngapi? Jibu ni 1,323,000. Wanafunzi na wajadili pia ni kitu gani katika upigaji wa mwenzao ambacho zile tarakimu 150 hazikuweza kukichukua.