Picha za Mwambani, Urithi wa Wazee Wetu

Mtu wa Tenke hahitaji kufundishwa thamani ya jiwe. Njia ya gari moshi inayogawanyika hapa, moja ikielekea Kolwezi na nyingine Bukama, ilijengwa kwa ajili ya madini. Lakini yako mawe yenye utajiri usiochimbwa, nayo ni yale ambayo watu wa kale waliyatia alama kwa mikono yao.

Katika Katanga yetu liko pango la Kiantapo, ambalo mwamba wake umechanjwa mistari na kutiwa vitone. Mwaka 1952 jumba la makumbusho la Tervuren, Ubelgiji, lilitoa kitabu juu ya alama hizo. Mwandishi wake alikuwa Padri Henri Breuil, Mfaransa, mtaalamu mashuhuri wa michoro ya mapangoni.

Padri huyo huyo alifika mwaka 1947 katika jangwa la Namibia, kwenye mlima Brandberg, yaani Mlima Unaowaka. Safari hiyo hata leo yataka miguu imara. Yafaa kuondoka mapema, kabla jua halijawa kali, na kufuatana na kiongozi mwenyeji katika korongo la Tsisab kwa muda wa saa moja hivi. Chini ya mwamba ulioinama ndipo ilipo picha. Mtu mkuu katika picha hiyo hafikii nusu mita kwa kimo. Anatembea kwa hatua ndefu, ameshika upinde na mishale, na mkono wa pili una kitu kama ua au kikombe. Miguu yake ni myeupe. Wamemzunguka watu na wanyama.

Kwa sababu ya weupe ule, Breuil alidhani ni mwanamke mgeni kutoka pande za Bahari ya Mediterania. Picha ikaitwa “Bibi Mweupe”, na jina likaenea duniani. Wataalamu waliomfuata walitazama tena, wakaona ni mwanamume, huenda mganga, naye amepakwa rangi, kama vile pemba, udongo mweupe, inavyopakwa mwilini katika sherehe za kwetu. Waliochora walikuwa wawindaji wa Afrika, yapata miaka 2,000 iliyopita au zaidi. Basi elimu kubwa haikumzuia Padri kuwapa wageni sifa iliyowapasa wenyeji.

Watazamaji nao walileta hasara. Wengi waliimwagia picha maji ili rangi ing’ae, na kwa hiyo rangi ikazidi kufifia. Ndiyo maana siku hizi mgeni haruhusiwi kwenda peke yake.

Enyi wanafunzi, mkikuta alama za kale pangoni, msiziguse, msizimwagie maji, wala msiandike majina yenu kando yake. Zichoreni katika daftari, mkawaulize wazee na walimu. Shaba ikichimbwa huleta fedha, bali alama ya mzee ikifutwa hakuna fedha iwezayo kuirudisha.