Makumbi na Vifuu Si Taka: Viwanda Vidogo vya Nazi Vyaweza Kupunguza Hasara

Kilifi na Kwale ndizo kaunti zinazoongoza kwa kilimo cha nazi nchini. Kaloleni, Rabai na maeneo mengine ya Kaunti ya Kilifi, zao hili ni tegemeo la wanaokamua mafuta na kuuza tui. Hata hivyo, katika karakana nyingi makumbi na vifuu hubaki rundo la kuchomwa moto au kulipiwa gari la kuyabeba.

Hasara yake si ndogo. Nazi iliyokomaa ikipimwa pamoja na makumbi, takriban asilimia 35 ya uzani wake ni makumbi, 12 ni kifuu, 28 ni nyama na 25 ni maji. Mwenye kukamua mafuta na kutupa yaliyobaki hununua nazi nzima, lakini hutumia chini ya theluthi moja. Isitoshe, vifuu vilivyoachwa nje hukusanya maji ya mvua na kuwa mazalio ya mbu.

Uchumi mzunguko ni utaratibu wa kuhakikisha kwamba mabaki ya kazi moja yanakuwa malighafi ya kazi nyingine. Kwa Wapwani hili si geni: kamba za usumba, upawa wa kifuu na makuti ya kuezekea ni za tangu jadi. Jambo jipya ni kuufanya utaratibu huo kuwa sehemu ya hesabu za kiwanda.

Kila sehemu na kazi yake

*Makumbi.* Yakichambuliwa kwa mashine hutoa usumba wa kamba, mikeka ya kupangusia miguu na magodoro. Vumbi linalobaki hushika maji mengi, na wenye vitalu vya miche hulitumia kuoteshea. Lakini huwa na chumvi, hivyo ni lazima lioshwe kwa maji baridi yasiyo ya chumvi kabla ya kuuzwa, la sivyo miche itaungua.

*Vifuu.* Vikichomwa ndani ya pipa au tanuri lenye hewa kidogo, kilo 10 za vifuu vikavu hutoa takriban kilo 3 za makaa. Makaa hayo husagwa, huchanganywa na uji wa muhogo, hushindiliwa na kuanikwa hadi yakauke kabisa. Kazi hii ifanyiwe nje, na makaa yasiwashwe ndani ya chumba kilichofungwa, kwa kuwa gesi yake huua.

*Chicha.* Ni chakula kizuri cha mifugo, ila ina mafuta na huharibika upesi. Ianikwe siku hiyo hiyo. Iliyoota ukungu isilishwe mnyama yeyote, kwa sababu huenda ina sumu ya kuvu.

*Maji.* Maji ya nazi iliyokomaa yanaweza kuchachushwa yakawa siki.

Sheria inasemaje

Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 inataka taka zitenganishwe pale zinapotoka: zinazooza kando na zisizooza kando. Pia inazitaka biashara za kibinafsi kuandaa mpango wa miaka mitatu wa kusimamia taka na kuwasilisha ripoti kila mwaka kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira (NEMA). Mwenye kiwanda anayejua mabaki yake ni kiasi gani na yanakwenda wapi atakuwa tayari amefanya sehemu kubwa ya kazi hiyo.

Vikwazo na pa kuanzia

Ugumu mkubwa ni usafiri. Makumbi ni mepesi lakini hujaza gari upesi, na nauli yaweza kumaliza faida yote. Mashine ya kuchambulia nayo inahitaji makumbi mengi kila siku, kuliko anayoweza kupata mkamuaji mmoja. Ndiyo sababu wakamuaji wa eneo moja hufaidika zaidi wakiungana katika kikundi au chama cha ushirika, mashine ikawekwa karibu nao.

Kabla ya kutumia fedha, mwenye kiwanda anashauriwa:

1. Kupima mabaki yake kila siku kwa mwezi mmoja na kuandika.
2. Kutenganisha makumbi, vifuu na chicha tangu mwanzo. Vikichanganyika na mchanga au plastiki, bei hushuka.
3. Kutafuta mnunuzi kwanza, kama vile mwenye kitalu, mfugaji au mkahawa, na kukubaliana kiasi na ubora.
4. Kuanza na lisilohitaji mashine kubwa, kama kukausha chicha au kuchoma vifuu kwa pipa.
5. Kununua mashine baada ya hapo, ikiwezekana kwa pamoja.

Taasisi ya Utafiti na Maendeleo ya Viwanda (KIRDI) hutoa ushauri wa kiufundi kwa viwanda vidogo. Wanaotaka kuuza siki au chakula cha mifugo wawasiliane na Shirika la Ubora wa Bidhaa (KEBS) kuhusu viwango kabla ya kufungasha. Kwa masuala ya leseni na usajili wa vyama, wakazi wafike katika ofisi za kaunti za biashara na ushirika zilizo karibu nao, wakiwa na kumbukumbu za mabaki waliyopima. Takwimu hizo zitawasaidia maafisa kueleza ni njia ipi italipa na ipi itawatia hasara.