Uchakavu na Uharibifu

Wanazuoni wa fikihi, katika mlango wa ijara, wamelifanya jengo lililokodishwa kuwa amana mikononi mwa mpangaji, asiyedhamini kilichoharibika ila amepindukia mipaka ya matumizi au amezembea. Na msingi huo, ijapokuwa mahakama za Kenya hazihukumu kwa fikihi katika madai ya namna hii, haukosi kuafikiana na kanuni ya sheria isiyomtwisha mpangaji uchakavu uletwao na maisha ya kila siku. Hapa Mombasa, ambako hewa ya bahari hula chuma usiku na mchana, nondo za dirisha zikiota kutu, au chokaa ikibambuka kwa unyevu wa masika, hilo si deni la mtu; bali mlango uliovunjwa kwa teke, au sinki lililopasuliwa, gharama yake ni haki ya mwenye nyumba kuidai.

Hata haki hiyo ina kadiri yake. Tuseme rangi ya ukuta hudumu miaka 5, naye mpangaji ameiharibu ilipotimiza 3, na fundi akataka shilingi 30,000: kwa uadilifu hadaiwi zote, bali humusi mbili, yaani 12,000, kwa kuwa miaka iliyopita imekwisha kulipiwa ndani ya kodi.

Lakini dai lisilo na ushahidi ni maneno matupu, na ushahidi huandaliwa siku ya kukabidhi funguo, si siku ya kuzirudisha: orodha ya chumba kwa chumba, picha zenye tarehe, na sahihi za pande zote mbili. Mwenye nyumba azuiaye dipoziti nzima bila kuonyesha orodha wala risiti ya fundi, huyo kwangu ni dhalimu, hata kama sinki lilipasuka kweli.

Gharama ikizidi dipoziti, iko Mahakama ya Madai Madogo, iliyoasisiwa kwa sheria ya mwaka 2016, isikilizayo madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, na ambayo sheria imeitaka ikate shauri ndani ya siku 60. Kukamata vyombo vya mpangaji ni jambo jingine: sheria ya Sura ya 293 imeruhusu hilo kwa malimbikizo ya kodi, tena kwa utaratibu maalumu, wala haikuruhusu kwa uharibifu; basi anayebeba televisheni ya mtu kwa ajili ya mlango uliovunjika hujigeuza mwenyewe kuwa mdaiwa.